Chakula cha Zamu ya Usiku

Msikilizaji, kama unalinda geti hapa Johannesburg, usiku mzima kwa saa 12, kota unaijua: robo ya mkate iliyochimbwa katikati, ikajazwa chipsi, poloni na achari. Inashibisha, na bei yake inabebeka. Lakini saa nane za usiku mwili umejiandaa kulala. Chakula kilekile hupandisha sukari ya damu kuliko kikiliwa mchana. Kula mlo mkubwa kabla ya kuingia zamu. Kazini beba kidogo: maharage, yai la kuchemsha, chungwa. Ukitaka mboga, soko la Yeoville lina sombe, yaani kisamvu, ndugu zetu wa Kongo wanajua. Kunywa maji badala ya soda. Nanyi mnaojichoma insulini, msibadili saa za kula kabla ya kuongea na muuguzi wa kliniki yenu.