Kopo la Mvua Nyumbani kwa Mkulima
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, sherehe ya miaka kumi)



Leo mmekwisha kusikia habari za ghala, mizani na malipo. Sisi wa ofisini twaomba kusema habari ya kopo.

Msimu mmoja wa nyuma mvua kubwa ilinyesha penye ghala letu usiku kucha. Kulipokucha tukapeleka habari kwamba mahindi yapandwe. Wenzetu wa ng'ambo ya kilima wakatutii, kumbe kwao yalianguka manyunyu tu. Mbegu zikaota, zikakauka, na wengi walikuwa wamezichukua kwa mkopo. Walipokuja kutuuliza tuliitegemea mvua ya kiasi gani, hatukuwa na jibu ila kwamba ilikuwa nyingi. Jibu hilo latuaibisha hata leo.

Ndipo tulipoanza kupima. Twaa kopo lenye kuta zilizosimama wima na kitako bapa. Lifunge juu ya kigingi mahali peupe, mdomo wake ulale sawasawa. Ikiwa mwembe wako una urefu wa mita 5, kopo liwe mbali nao mita 10 au zaidi. Mwanachama mmoja alituletea hesabu ya mvua ya ajabu. Tulipokwenda kutazama, tukakuta kopo li chini ya mchirizi wa paa!

Kila siku saa 3 asubuhi simamisha rula ndani ya kopo, soma milimita, kisha mwaga maji. Rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri. Nafasi hiyo ikatwe. Upana wa kopo haudhuru, kwani kopo pana hupokea maji mengi zaidi na kuyatandaza zaidi. Atakaye kupima hata manyunyu atumie faneli: yenye mdomo wa sentimita 10, ikimimina katika chupa iliyonyooka yenye upana wa sentimita 5 kwa ndani, milimita 4 za chupani ni milimita 1 ya mvua.

Milimita 1 si kitu kidogo. Ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Katika ekari moja ni madebe 200 ya lita 20.

Yote yaandikwe daftarini. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hukupima, kwa msiba au safari, piga mstari. Usiandike 0, wala usikisie.

Utabiri wa vuli na masika utolewao na Mamlaka ya Hali ya Hewa twausikiliza, lakini hauwezi kutuambia kilichoanguka jana shambani kwako. Wataalamu wengi hawahesabu kuwa msimu umeanza mpaka zipatikane kama milimita 20 katika siku mbili au tatu, tena usifuate ukame mrefu. Bila kopo, nani ajuaye kama 20 zimetimia?

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri iamue kwamba kila kijiji kiteue nyumba mbili za kupima, moja kila upande wa kilima. Nasi ofisini hatutapeleka tena neno la kupanda kwa mvua ya ghalani peke yake. Makopo ya mfano yapo mezani karibu na mlango, na rula zake tumekwisha kuzikata.