Kanda ya Kwaya na Spika za Masikioni

(Maelezo yaliyotolewa na fundi redio mstaafu, aliyesoma katika shule yetu tangu mwaka 1977 hadi 1980, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi wanafunzi mlioketi huko nyuma mkiomba moyoni kwamba mzee huyu asirefushe maneno: ndaga fijo.

Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya ufundi wa redio. Nilikubali, na hata nikaanza kuandika habari za transista iliyobuniwa Marekani mwaka 1947. Lakini nilipofika ukurasa wa pili nilisinzia mwenyewe, nikaona kama mwandishi anasinzia itakuwaje kwa wasikilizaji waliokwisha kula wali. Kwa hiyo nitawaeleza jambo moja tu lililonitokea mwezi Desemba mwaka jana, nyumbani kwangu hapa Tukuyu, nilipopewa nisikilize muziki kwa spika za masikioni za bei kubwa. Vijana wanaziita iyafoni.

Lakini sharti nianzie bwenini. Wale wa mwaka wangu wataikumbuka redio ya National ya mwenzetu mmoja, iliyokuwa na mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. National tulizijua vizuri, maana kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda chake Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri zake ndizo tulizokuwa tukizianika juani ili zitusogeze siku mbili tatu zaidi. Juani, nasema, pale jua la Rungwe lilipokubali kutoka. Pamoja na redio ile palikuwa na kisikilizio cha sikio moja, kidude cha plastiki cha rangi ya maziwa, waya wake umezungushiwa plasta mahali pawili.

Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, kisikilizio hicho ndicho kilichotuletea habari taa zikishazimwa. Mmoja alisikiliza chini ya blanketi, akamnong'oneza wa kitanda cha pili, naye wa kitanda cha tatu, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Habari iliyotoka kitanda cha kwanza ikisema majeshi yetu yamesonga mbele ilifika kitanda cha kumi na mbili ikisema Amin amekamatwa ndani ya pipa. Nasikia leo mambo ya namna hiyo yanapita kwenye simu. Sisi tulikuwa nayo bila simu.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye hakupokea habari za kunong'onezwa. Kaka yake alikuwa huko mstari wa mbele. Bila mtu yeyote kutunga sheria, ilikubalika bwenini kwamba kisikilizio ni chake tangu taarifa ya habari inapoanza mpaka inapokwisha, ndipo wengine tupate. Simtaji jina, ingawa wa darasa letu mmekwisha kumjua. Kaka yake alirudi salama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1994. Alikuwa mwembamba kama ufito, na alikuwa besi wa kwaya yetu. Mgeni aliyemsikia akiimba aligeuka kutafuta mtu mnene aliyesimama nyuma yake.

Mwaka 1980, kabla hatujamaliza kidato cha nne, mwalimu wetu wa kwaya aliweka mashine ya kaseti juu ya dawati akaturekodi nyimbo nne. Kanda ile nilibaki nayo mimi. Nimeicheza mara nyingi mno katika miaka hii, na kila mara nilisikia soprano, nikasikia alto, nikasikia na mvua juu ya bati. Besi sikumsikia. Nilidhani mwalimu alimweka mbali na mashine. Fundi mzima, na sababu nilikuwa nayo mkononi! Spika ya mashine yangu ina upana wa inchi tatu. Sauti nene inataka spika isukume hewa nyingi, na kispika kidogo hakiwezi. Hutoa juu na katikati, chini kikanyamaza.

Sasa nije kwenye hizo iyafoni. Mpwa wangu ni fundi wa sauti Dubai, anahudumia bendi zinazopiga mahotelini. Alipokuja likizo alikuja na jozi tatu. Ya kwanza ni Shure aina ya SE846, ya Marekani, ambayo ilipotoka mwaka 2013 iliuzwa dola 999. Mtu anaweza kupata ng'ombe wa maziwa kwa fedha hizo, na ng'ombe hapotei ndani ya mfuko wa koti. Ya pili ni ya China, Moondrop aina ya Chu, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 20 hivi. Ya tatu tulinunua hapa mjini kwa shilingi 5,000, haina jina.

Ndani ya kila upande wa hiyo Shure mna spika nne ndogo mno. Si spika za kawaida zenye koni. Ni ulimi mwembamba wa chuma unaotikiswa katikati ya sumaku. Ufundi huo ulitumika kwanza katika vifaa vya kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu. Ndipo mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Marekani ikautumia kwa muziki, na mwaka 1995 Jerry Harvey akawatengenezea wanamuziki wa bendi ya Van Halen ili wajisikie jukwaani. Kumbukeni jambo hilo la vifaa vya masikio mabovu, maana litanirudia mwenyewe.

Nilipozipachika mara ya kwanza nilikata tamaa. Sauti nyembamba, kama ya nyuki ndani ya chupa. Nikamwambia mpwa, "Baba, umeibiwa." Akacheka, akabonyeza ile sponji ya mbele kwa vidole mpaka ikawa kama njiti, akanivuta sikio juu na nyuma, akaitia, akaishikilia mpaka sponji ikavimba na kuziba. Mvua ilikuwa inanyesha, na mnajua mvua ya kwetu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na karibu zote juu ya bati langu. Mvua ikatoweka. Kisha gitaa la besi likaingia, nikashika meza.

Kwa hiyo maoni yangu ya kwanza, ninayoyaona makubwa kuliko mengine yote, ni kwamba kuziba sikio sawasawa kunazidi bei. Ile ya dola 20 iliyozibwa vizuri iliishinda ile ya dola 999 iliyokaa vibaya, na si kwa kidogo. Pembeni pakibaki mwanya, sauti nene yote inatoroka.

Tulisikiliza nyimbo za zamani zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, maana ndizo masikio yangu yanazozijua, NUTA Jazz na wengineo, kisha Mbaraka Mwinshehe. Kwa iyafoni ya shilingi 5,000 besi ilikuwa nyingi lakini haina umbo. Gitaa la besi na ngoma vilikuwa uji mmoja. Kwa Moondrop vilitengana. Kwa Shure nilisikia kidole kikiachia waya, nikasikia kwamba mpuliza tarumbeta amesimama nyuma zaidi kuliko mwenzake wa saksafoni. Lakini ubaya wake ni kwamba haikufichii kitu. Mchakacho wa kanda, mahali fundi alipokata na kuunga, mtu anayekohoa, yote unaletewa. Nyimbo mbili ninazozipenda nimeziacha nizisikilize kwa redio tu, zibaki nzuri.

Tena Shure ni nyepesi mno kuitika. Umeme kidogo sana unaitosha, kwa hiyo simu yangu ya zamani ilipochomekwa nilisikia mvumo kabla muziki haujaanza. Mpwa alikuwa na mashine maalumu ya kuchezea muziki, nzito kama tofali dogo, na ule mvumo ukaisha. Kisha akaniletea kiunganishi cha Apple kinachouzwa dola 9 huko Marekani, waya mfupi tu. Mvumo haukurudi. Nilimwambia anibadilishie mashine na kiunganishi nikiwa nimefumba macho, mara kumi, nikabahatisha kama mtu anayerusha sarafu. Mpwa anasema tofauti ipo. Pengine ipo, fedha ni zake.

Jioni ile nikakumbuka kanda. Tukaunganisha mashine ya kaseti, nikafumba macho.

Kabla ya wimbo wa kwanza kuna kimya cha kama sekunde tano. Miaka yote hiyo nilikijua kama kimya. Kumbe si kimya. Mle ndani kuna mtu anavuma kwa mdomo uliofungwa, chini kabisa, anawapa wenzake sauti ya kuanzia. Alikuwa yeye. Sauti ya kuvuma haina ukali wa juu wa kupita kwenye kispika cha inchi tatu, ndiyo maana ilikaa humo miaka zaidi ya arobaini bila kusikika. Halafu kwaya ikaanza na yeye yumo, chini ya kila ubeti, hakuwekwa mbali wala nini. Nilimrudisha mara nne. Mke wangu akauliza nina nini, nikamwambia moshi wa kuni. Tunapikia gesi.

Ndipo nikataka kanda ihifadhiwe kwenye kompyuta, maana utepe unachakaa. Kazi hiyo ina siri moja. Kando ya kichwa kinachosoma utepe kuna skrubu ndogo. Kichwa kikiwa kimeinama hata kidogo, sauti za juu zinakufa, herufi s na f zinafanana. Unaizungusha polepole huku unasikiliza mpaka maneno yang'ae. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi sana katika maisha yangu. Safari hii nilizungusha kulia, nikazungusha kushoto, sikusikia badiliko lolote. Nikailaumu mashine. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa amekaa karibu, amevaa upande mmoja wa iyafoni, akasema, "Babu, hapo! Umepita. Rudi."

Nilirudi, na bado sikusikia kitu. Mwezi Januari nikaenda kupimwa hospitali. Wakanichorea mstari wa usikivu wangu: unakwenda vizuri, halafu penye mitetemo 4,000 kwa sekunde unaanguka kama mtu aliyetumbukia shimoni. Daktari akaniuliza nimefanya kazi wapi. Nikamweleza habari za miaka tisa penye mitambo ya kiwanda kimoja, bila kuziba masikio, kabla sijajitegemea na ufundi redio. Akasema shimo la mahali hapo ni alama ya kelele, na kilichokufa humo hakioti tena. Sasa naelewa kwa nini mke wangu akisema saa mimi nasikia faa.

Wanafunzi, mimi sikujua. Hakikuuma kitu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Ukifikia desibeli 90, ni saa 4 tu. Na hapa kwetu kuna mtego wa pekee: bati likilia mvua, kijana mwenye iyafoni isiyoziba anapandisha sauti ili ishinde mvua, na mvua ikikatika hashushi. Nimemwona mjukuu wangu akifanya hivyo barazani. Sikumgombeza. Nilimvisha ile Moondrop kwa sponji iliyoziba, nikamwonyesha anavyoweza kusikia kila kitu mshale ukiwa chini ya nusu. Mpwa alipoondoka aliiacha jozi hiyo, na mjukuu ndiye anayeitumia. Shure amerudi nayo Dubai, wala sikuililia.

Kazi ya kanda tuliimaliza pamoja, mimi mikono, yeye masikio. Kila skrubu nilizungusha mimi na kila "hapo" aliitamka yeye. Sijui kama herufi s zimekaa sawa. Ananiambia zimekaa.

Kanda yenyewe nimekuja nayo leo, na Ndugu Mkuu wa Shule nitamkabidhi pamoja na nakala. Baada ya chai tutasikiliza katika darasa la kidato cha tatu, watu sita sita, kwa kuwa nimeleta jozi sita za dola 20 nilizoagiza kwa mpwa. Wazee, mtavutwa masikio kidogo, vumilieni. Nawaomba hasa wale wa mwaka 1980 mwanzie wimbo wa tatu. Kuna tena wawili wanaoongea chinichini kabla haujaanza, mmoja anacheka, na mimi nimeshindwa kuwatambua. Kwa masikio haya sitawatambua. Atakayewajua aje aniambie kabla mabasi hayajaondoka, niyaandike majina yao juu ya kasha.