Jokofu, Nembo na Haki ya Mnunuzi: Mhadhara kwa Wananchi wa Tarime na Serengeti



Nimepewa heshima ya kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni kanuni za kupima na kubainisha umeme unaoliwa na majokofu, feni na viyoyozi vya nyumbani. Dai langu ni moja: mnunuzi, awe Dar es Salaam au Mugumu ya Serengeti, ana haki ya kujua, kabla hajatoa fedha yake, chombo anachokinunua kitakula umeme kiasi gani, na haki hiyo haitimii ila kwa sheria inayosimamiwa.

Katika nyanda za Tarime, ambako asubuhi huwa na baridi, ni nadra kukuta kiyoyozi katika nyumba ya mtu wa kawaida. Lakini jokofu limekuwa nyenzo ya riziki kwa mwenye duka auzaye soda, kwa mama lishe, na kwa mfugaji atakaye maziwa yake yalale salama. Nalo, tofauti na pasi au taa, halipumziki usiku wala mchana.

Natuitazame hesabu. Kwa bei za mwaka 2016 za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, wa daraja la D1, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ilikuwa shilingi 350. Tuseme nyumba hutumia uniti 30 kwa taa na redio. Jokofu zuri likila uniti moja kwa siku, jumla ni 60, yaani shilingi 6,000 kabla ya kodi. Jokofu chakavu likila uniti tatu kwa siku, jumla ni 120, na gharama yapanda hadi shilingi 23,250. Umeme umeongezeka maradufu, ilhali malipo yamekaribia mara nne. Na aghalabu anayelipa hivyo ni yule aliyenunua rahisi kwa sababu ya ufukara.

Ingieni katika duka lolote la vyombo hapo Sirari, mpakani. Nyuma ya jokofu mtaona kibati kidogo chenye volti, ampea na jina la gesi, R-134a au R-600a. Lakini mnunuzi huuliza bei na ukubwa, muuzaji hujibu kwamba linagandisha vizuri, na hapana anayetaja uniti. Likiwa la mtumba, fungeni mlango juu ya karatasi, kisha muivute: ikichomoka bila kizuizi, mpira wa mlango umekwisha, na baridi mnayoilipia yatoka nje.

Wenzetu wametangulia. Ng'ambo ya mpaka, Isebania, zinatawala kanuni za Kenya za mwaka 2016, ziwalazimishazo waagizaji kusajili majokofu na viyoyozi na kuvibandika nembo ya nyota, moja hadi tano. Ghana ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2013, ilipiga marufuku kuingizwa kwa majokofu yaliyotumika, baada ya kubaini kwamba yalikuwa yakiufuja umeme wa taifa. Na pale ambapo pande mbili za mpaka hazina kanuni sawa, bidhaa hafifu huhamia upande uliolegea.

Kwa hiyo naona mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, kiwango cha chini ambacho chombo kisichokifikia hakiingii nchini kabisa, kiwe kipya au cha mtumba. Pili, nembo ya Kiswahili, yenye uniti kwa mwaka, iliyotokana na kipimo katika joto la nyuzi 32, wala si nyuzi 16 pekee, kwani vyote viwili vimo katika kanuni ya kimataifa ya upimaji, na Watanzania wengi huishi karibu zaidi na hicho cha kwanza. Tatu, Shirika la Viwango, lililopewa mamlaka kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, lifike Sirari na maduka ya Mugumu kwa ukaguzi wa kudumu, kwani nembo isiyokaguliwa hughushiwa.

Nawasihi madiwani wetu walidai jambo hili, wenye maduka waitangulize nembo mbele ya bei, nanyi wanunuzi msikubali kutoa fedha kabla ya kuuliza: linakula uniti ngapi?