Kuacha Sigara kwa Mkupuo

Wengi wanaoacha sigara huacha kwa mkupuo: leo pakiti nzima, kesho basi, bila bandiko wala chingamu ya nikotini. Ujasiri huo si wa kubezwa, lakini una gharama. Siku 3 za mwanzo ndizo kali: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kugonga. Hamu ikipanda, hudumu dakika chache, kisha hushuka.

Hata hivyo, katika kila 100 wanaojaribu bila msaada, wanaofikisha miezi 6 ni kama 3 hadi 5 tu. Ndiyo maana tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limeziweka tiba za nikotini katika orodha ya dawa muhimu. Msikilizaji, ukianguka, inuka. Safari hii pitia kwanza zahanati.