Ada ya Notari Ijulikane Kabla ya Kutia Saini
Mazungumzo na wananchi wa Kigwena



Huenda mtu akajiuliza: polisi wana jambo gani na ada za notari? Jibu letu ni kwamba ugomvi wa ardhi mara nyingi huanzia kwenye karatasi ukaishia kwenye panga. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika hakuna asiyejua uchungu huo. Wengi walioikimbia nchi mwaka 1972, waliporejea kutoka Tanzania, walikuta mashamba yao mikononi mwa wengine, na hao nao walikuwa wamekwisha kuzaa na kuzika humo. Kila upande ulitafuta ushahidi, na ushahidi wa mdomo hufa pamoja na shahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Notari amepewa na sheria mamlaka ya kuzipa hati nguvu ya kuaminika: mauziano, uwakilishi, idhini ya mzazi kwa mtoto anayesafiri. Kanuni ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 nayo iliweka huduma za ardhi za tarafa, zinazotoa cheti cha ardhi. Njia zipo. Kinachowarudisha wengi nyuma ni hofu ya gharama wasiyoijua, na katika hofu hiyo ndimo dalali anamopata riziki yake. Husimama mlangoni, hutaja kiasi chochote kimjiacho kinywani, huahidi kuharakisha, wala hatoi risiti. Aliyekosa fedha hurudi nyumbani, akauziana shamba kwa karatasi ya daftari la shule. Miaka kumi baadaye watoto wake huja kwetu wakilia.

Kwa hiyo twasema wazi: ada hii haifai kuachwa iamuliwe kwa mapatano ya mlangoni. Anayeuza samaki aweza kushindana na jirani yake kwa bei. Mwenye kuhitaji muhuri wa dola hana pa kukimbilia. Ubelgiji, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu za zamani ilitoka, iliweka jedwali la ada za notari kwa amri ya mfalme ya tarehe 16 Desemba 1950. Hata hivyo, kipimo kinahitajika. Ada ikiwa ndogo mno, notari hatakaa mbali na miji mikubwa, nanyi mtalipa nauli badala ya ada.

Sisi polisi hatupangi ada. Hilo ni la sheria na la wizara yenye dhamana ya haki. Tunachoomba ni kwamba ada ibandikwe mlangoni, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ikitenganisha fedha ya serikali na malipo ya kazi ya notari.

Nanyi mna sehemu yenu. Ulizeni ada kabla ya hati kuandikwa. Someni, au msomewe, kabla ya kutia saini. Daini risiti, na hakikisheni hati ina namba ya rejesta. Mnaovuka kwenda Kigoma, msidhani muhuri wa ng'ambo unatosha huku, wala wa huku ng'ambo, ulizeni kwanza.

Mtumishi wa umma anayedai zaidi ya kinachostahili anatenda kosa. Sheria Na. 1/12 ya tarehe 18 Aprili 2006 inayohusu kuzuia na kuadhibu rushwa inalitambua kosa hilo. Nasi hatujitoi: hata anayedai akiwa amevaa sare hii yetu, mleteni mbele ya wakubwa wake. Njooni na tarehe, mahali na kiasi mlichodaiwa, kwani shutuma bila maelezo humsaidia mkosaji.

Ndugu wananchi, hati iliyolipiwa kwa haki ni ukuta kati ya majirani wawili. Tuujenge wakati wote wawili wangali wanasalimiana.