Saa Moja ya Angani

Msikilizaji, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na ndege huzimaliza kwa takriban saa moja. Lakini ngoja kwanza. Saa hiyo haihesabu foleni ya Barabara ya Nyerere, wala kuvua mkanda kwenye ukaguzi, wala kukaa kusubiri kuitwa. Tangu 2024 ipo treni ya umeme: saa tatu na nusu hivi, na unashuka mfukoni bado kuna kitu. Kwa upande wa pili, anayeunganisha safari ya nje palepale uwanjani, treni itamsaidia nini? Sasa basi, sisi wengine tunapolipia tiketi ya ndege, hasa tunanunua muda kiasi gani?