Sauti Iliyopitia Addis Ababa



Nimeombwa kusema juu ya redio ya hapa Moshi, Sauti ya Injili. Vijana walioizoea katika FM hudhani kwamba redio hii ilianza siku ulipojengwa mnara. Sivyo. Studio iliutangulia mnara kwa miaka mingi.

Tarehe 26 Februari 1963 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilizindua kituo kikubwa huko Addis Ababa, chenye mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa hapa Moshi. Mahubiri, mafundisho na nyimbo za kwaya vilirekodiwa katika kanda, kanda zikapelekwa Ethiopia, na sauti ikarudi kwetu kwa njia ya anga. Mwimbaji wa Moshi alijisikia akiimba kutoka nchi ya mbali, siku nyingi baada ya kuimba! Tulicheka, lakini kipindi kilipoanza hakuna aliyethubutu kukohoa, maana mawimbi yale yalififia ghafla, na neno lililopotea halikurudiwa.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile. Studio ya Moshi haikuguswa. Wasomaji walikuwapo, kwaya zilikuwapo, ila njia ile ya kuwafikia wasikilizaji ilikatika kwa siku moja. Wakati huo hapa nchini redio ilikuwa ya serikali peke yake, na mnara wetu wenyewe haukuwezekana mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia wengine mlango. FM haifiki mbali kama masafa mafupi, na mlima huizuia, lakini salamu za asubuhi husikika asubuhi ile ile.

Sasa nina ombi. Enzi zile kanda zilikuwa ghali, na ilikuwa desturi ya studio nyingi kufuta ya zamani ili kurekodi mpya. Kwa hiyo huenda sauti za wazee wetu zimebaki masandukuni mwetu tu. Mwenye kanda asiijaribu nyumbani. Kanda kuukuu hushikana na kukatika. Ailete ofisi ya usharika kama ilivyo, na aandike juu yake majina ya waimbaji anaowakumbuka. Tuliobaki kuzitambua sauti hizo ni wachache.